Thripsi wa vitunguu wamegoma kufa: ni usugu, dawa feki, au tunakosea kupiga?

#1 MajarubaEyasi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mang'ola, Karatu, huu ni mwaka wa sita nalima vitunguu. Ekari moja na nusu, Red Bombay, nilipandikiza mwezi wa saba. Hadi leo nimepiga dawa mara tisa na thripsi, hivi vidudu vidogo vyembamba vinavyofyonza majani, wapo palepale. Ukifunua shingo ya kitunguu, pale majani yanapokutana, unavikuta vitoto vya njano vimejazana kama pumba. Majani yana michirizi ya fedha, ncha zinakauka, na jana nimeanza kuona mabaka ya zambarau.

Nilianza na lamda-sihalothrini. Miaka ya nyuma ukiipiga jioni, asubuhi shamba limenyamaza. Sasa hivi ni kama nimewanywesha maji. Nikahamia sipamethrini. Nikahamia deltamethrini. Mwisho profenofosi: walipungua siku nne, wakarudi.

Mwenye duka anasema thripsi wa siku hizi wamekuwa sugu. Jirani anasema duka ndilo linauza feki. Mke wangu anasema mimi nakimbia na bomba. Sasa naomba kujua, mtu anatofautishaje? Kila jibu lina gharama yake, na mfukoni imebaki hela ya kupiga mara mbili tu.

#2 Kilolo Juu

Nafuatilia. Huku Ruaha Mbuyuni hali ni hiyohiyo.

#3 BwanaShamba Mstaafu

Pole sana kijana. Isome tena orodha yako: lamda-sihalothrini, sipamethrini, deltamethrini. Chupa tatu, bei tatu, lakini ukoo ni mmoja. Zote ni pairethroidi, na kwenye mpangilio wa IRAC, kamati ya kimataifa inayoshughulikia usugu wa wadudu kwa dawa, zote zimo kundi 3A. Zinamshika mdudu mahali pamoja, kwenye vimilango vya sodiamu vya neva zake. Thripsi ambaye vimilango vyake vina badiliko la vinasaba, ya kwanza ikishindwa kumshika, ya pili na ya tatu hazina jipya la kumfanya. Profenofosi ni kundi 1B, inagusa kitu kingine kabisa, ndiyo maana ulipata angalau siku nne.

Kabla hujalipa, tafuta namba ya kundi kwenye lebo. Kama haipo, soma jina la kiambata. Imidaklopridi, thayamethoksamu na asetamipridi ni 4A. Spinosadi na spinetoramu ni 5. Abamektini na emamektini ni 6. Klofenapiri 13, spirotetramati 23, sayantraniliproli 28. Andika hizo namba kwenye karatasi, iweke ndani ya kava la simu. Jina kubwa la mbele ya chupa ni la kampuni, halikwambii dawa inafanya kazi gani.

#4 FundiBomba

Mimi nasimama na shemeji yetu. Mleta mada, ekari moja unapiga mabomba mangapi? Na nozeli ni ile iliyokuja na bomba?

Jani la kitunguu lina nta. Maji yakitua yanajiviringa na kudondoka, yanaishia kwenye udongo. Thripsi wenyewe wamejibana shingoni, mahali ambapo hata ukucha unaingia kwa shida. Mtu anapiga mabomba matatu kwa ekari, anatembea mwendo wa kuwahi basi, halafu anasema wadudu sugu. Weka kinatishi, kile kinachofanya dawa ishike kwenye jani, pima kwa kufunua jani: kama shingo ni kavu, hukupiga dawa, umeogesha tuta.

#5 Hawa wa Barazani

Kaka yangu #4 ana hoja, lakini mimi napiga polepole, mabomba kumi na mawili ya lita 16 kwa ekari, na bado hawafi. Mimi naamini wamezoea dawa, kama sisi tulivyoizoea klorokwini hadi ikaacha kututibu malaria.

#6 Mchunguza Wadudu

Dada Hawa, mfano wako ni mzuri ila kuna kitu nirekebishe. Aliyeishinda klorokwini ni kimelea cha malaria, miili yetu haikuizoea. Na kimelea mmojammoja hakuzoea pia. Wachache waliokuwa na badiliko walipona, wakazaana, wale wepesi wakafa, hadi mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini na kuhamia dawa nyingine ya malaria, SP. Kwa thripsi ni hivyohivyo. Yule aliyepigwa jana hajifunzi kitu. Wewe umemwondolea ndugu zake dhaifu, umemwachia shamba zima.

Thripsi ana sababu zake za kuwa sugu haraka. Kwenye joto kama la bonde la Eyasi anamaliza kizazi kwa wiki mbili hadi tatu. Ukianza kitaluni hadi kuvuna umeshachuja vizazi kadhaa kwa msimu mmoja. Halafu uzazi wao wa ajabu: kwa aina nyingi za thripsi, yai lisilorutubishwa linatoa dume, na dume huyo ana nusu tu ya vinasaba. Kwa sisi tuliobeba nakala mbili, kinasaba dhaifu hujificha nyuma ya mwenzake. Dume la thripsi halina pa kujificha. Akiwa na kinasaba cha usugu, kinajionesha siku hiyohiyo, na dawa inamchagua siku hiyohiyo.

#7 Kilolo Juu

Nimesoma #6 mara mbili. Kwa hiyo kwa hao jamaa baba hana baba?

#8 Mchunguza Wadudu

Ndiyo, dume hana baba, ila ana babu mzaa mama. Na thripsi wa vitunguu, yule *Thrips tabaci*, anaenda mbali zaidi: kwenye maeneo mengi majike wanazaa majike wenzao bila dume kabisa. Hapo jike mmoja sugu anatoa nakala zake mwenyewe. Kwa hiyo maelezo yangu ya dume kwenye #6 yanamfaa zaidi thripsi wa maua, ambaye ni aina nyingine, kuliko huyu wa mleta mada. Nimejisahihisha kabla hamjanisahihisha.

#9 MishiriMwea

Salaam kutoka Kirinyaga, Kenya. Sisi shida yetu ni mishiri, yaani maharagwe machanga ya kuuza Ulaya. Thripsi wanaingia kwenye ua, ganda linatoka na makovu, mnunuzi anakataa kreti nzima. Zamani dimethoeti ilikuwa ndiyo mkombozi. Halafu Ulaya wakakuta mabaki yake kwenye mizigo yetu, mwaka 2013 wakaongeza ukaguzi wa maharagwe ya Kenya, na wakulima wadogo wengi wakaachwa na wanunuzi. Nilikuwa mmoja wao.

Ninachotaka kusema ni hiki: dawa ilianza kushindwa shambani kabla ya Ulaya kulalamika. Tulikuwa tunaongeza kipimo. Kijiko kimoja kikawa viwili, siku saba zikawa nne. Mabaki yalitoka hapo. Usugu ulitukosesha soko kabla hatujajua jina lake.

#10 PembejeoKwanza

Niseme upande wa duka, maana naona tumeshahukumiwa.

Feki ipo, sikatai. Lakini kesi nyingi ninazoziona ni dawa halali iliyoharibiwa njiani. Mkulima anataka ya elfu tatu, muuzaji anafungua chupa ya lita anampimia kwenye chupa ya soda. Haina lebo, haina tarehe, haina kundi. Inakaa dirishani juani miezi miwili. Chupa iliyofungwa unaweza kuikagua: namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu), tarehe ya kutengenezwa, mfuniko wenye kizibo cha ndani. Ya kupimiwa utakagua nini?

Jambo jingine, wateja wenyewe wanakuja na sentensi moja: "Nipe iliyo kali." Nikimwambia hii ni kundi lingine lakini inaua polepole, anaenda duka la jirani.

#11 Hawa wa Barazani

Sasa #10, mwenye elfu tatu afanyeje? Lita nzima hawezi.

#12 PembejeoKwanza

Zipo chupa za mililita 100 na hata 50 za kiwandani. Au mchange watatu mnunue moja iliyofungwa, mgawane shambani siku ya kupiga. Nakubali si rahisi.

#13 Maji Magumu

Mmepita hoja ya maji kwa kasi. Ziwa Eyasi ni la magadi, na chemchemi zinazonywesha mashamba ya Mang'ola ziko kwenye bonde hilohilo. Maji yenye magadi yanavunja dawa za fosfeti, yaani lile kundi 1B, kama dimethoeti na profenofosi. Nunua karatasi za kupima pH, yaani kiwango cha tindikali au magadi kwenye maji, ni rahisi. Ikizidi 7, punguza kwa ndimu au siki kabla ya kutia dawa.

#14 BwanaShamba Mstaafu

Ndugu #13, kemia yako ni sahihi lakini muda umeuacha nje. Profenofosi kwenye maji ya pH 9 inapungua nguvu kwa masaa. Kwenye pH 8 ni polepole zaidi. Mtu akichanganya bomba na kulimaliza ndani ya nusu saa, hapotezi kitu cha kutajwa. Anayechanganya pipa asubuhi, akaenda msibani, akapiga jioni, huyo ndiye maji yanamwibia. Na hizo pairethroidi zake tatu hazivunjwi kirahisi hivyo na pH 8. Kwa lamda-sihalothrini maji hayatoshi kuwa maelezo.

#15 MtanzaniaOntario

Wakuu, nimewahi kufanya kazi za msimu kwenye mashamba ya vitunguu huku Ontario, Kanada. Watu wa hapa walishapitia hayo. Mwaka 2005 watafiti walichapisha kwamba thripsi wa vitunguu wa Ontario wana usugu kwa lamda-sihalothrini na deltamethrini, na pia kwa diazinoni ya kundi la fosfeti. Kwa hiyo mleta mada asijione ana mkosi wa peke yake.

Wenzao wa jimbo la New York waliacha kupiga kwa kalenda. Wanahesabu. Unakagua mimea kadhaa, unahesabu thripsi, unagawa kwa idadi ya majani. Wakifika wastani wa mmoja kwa jani wanaanza, na kila dawa ina nafasi yake kwenye msimu. Spirotetramati inaanza mapema, maana inaingia ndani ya mmea na inawaua watoto zaidi kuliko wakubwa. Inapigwa mara mbili mfululizo, basi. Spinetoramu wanaitunza kwa ajili ya mwishoni wadudu wakiwa wengi.

Jingine lililonishangaza: walipunguza mbolea ya naitrojeni, thripsi wakapungua, mavuno yakabaki yaleyale.

#16 Kilolo Juu

Kupunguza yurea? Huku ukisema hivyo wanakuita mchawi.

#17 MajarubaEyasi (mleta mada)

Nashukuru wote. Najibu kwa mkupuo.

FundiBomba: nilikuwa napiga mabomba matano kwa ekari, nozeli ya kuja na bomba. Mke wangu amesoma bandiko lako, leo nyumbani sina sauti. Bwana Shamba, shikamoo, ile ya kundi 3A imeniuma, nimehesabu nimetumia pesa za mara sita kwenye ukoo mmoja. Maji nimepima, karatasi imesoma kati ya 8 na 8.5. Yurea niliweka mifuko miwili kwa ekari. Dawa mbili kati ya hizo nilipimiwa kwenye chupa za maji.

Kwa maana hiyo kila mliyesema lipo kwangu. Bado sijui lipi ndilo linaloniua.

#18 Mchunguza Wadudu

Hapo ndipo jaribio la vikombe linasaidia. Tafuta vikombe vidogo vyenye mifuniko. Kata vipande vya jani la kitunguu ambacho hakijapigwa, chovya kwenye dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, acha vikauke kivulini. Kimoja chovya kwenye maji matupu. Weka thripsi ishirini kila kikombe, tumia brashi laini ya rangi, ukiwashika kwa vidole umeshawaua. Funika kwa kitambaa chepesi au toboa matundu madogo kuliko wao. Baada ya saa 24 hesabu: akiguswa na brashi asipotembea, mhesabu amekufa.

Wakifa kikombeni na shambani hawafi, tatizo ni upigaji. Wakipona kikombeni, tatizo ni dawa au usugu. Kutenganisha hayo mawili, rudia kwa chupa mpya iliyofungwa kutoka mji mwingine.

#19 Mama Nuru

Jamani, mnajadili thripsi, mimi nimebaki na neno moja tu: kuchanganya. Kijana wa dada yangu alichanganya dawa nne kwenye bomba moja "ili ziue kweli", akapiga mchana wa jua na fulana tu. Jioni alitokwa jasho na mate, mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Alipona, lakini siku tatu tulikuwa hatulali. Mbili kati ya zile nne zilikuwa za kundi hilohilo 1B la hapo #3. Wakati ule hakuna aliyetuambia kuna makundi. Tafadhali vaeni glavu, pigeni asubuhi au jioni, na msichanganye kwa kubahatisha.

#20 FundiBomba

Pole sana mama. Hilo lingekuwa bandiko la kwanza.

#21 Babu Mwarobaini

Mimi sijapiga dawa ya duka mwaka wa nne. Mbegu za mwarobaini nazitwanga, nalowanisha usiku, nachuja, natia sabuni kidogo. Naweka karoti kati ya matuta. Na mgagani pembeni. Thripsi wapo, lakini wanakula na mimi ninakula.

#22 MishiriMwea

Babu, mgagani na karoti umeongea ukweli, hata Kenya walijaribu kwenye vitunguu na thripsi wakapungua. Ila kumbuka mazao ya katikati yanamnyang'anya kitunguu nafasi, maji na mwanga, mavuno ya kitunguu nayo yanashuka. Mwenye nusu ekari na madeni atafikiri mara mbili. Kuna pia ile kuvu ya *Metarhizium* iliyotoka icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, inauzwa ikiwa imesajiliwa. Ni kiumbe hai, inamwota mdudu mwilini. Inataka jioni na unyevu, na hairuhusu uichanganye hovyo na dawa za ukungu, utaiua yenyewe.

#23 Babu Mwarobaini

Mavuno yanashuka, kweli. Na gharama inashuka. Kila mtu na hesabu yake.

#24 Hawa wa Barazani

Mimi baada ya #15 nimeanza kubadilisha kundi kila ninapopiga. Leo 6, wiki ijayo 5, wiki nyingine 4A. Nipo sawa?

#25 BwanaShamba Mstaafu

Karibu na sawa, binti yangu. Tatizo ni kwamba mayai yamo ndani ya nyama ya jani, na wanaojigeuza kuwa wakubwa wamelala kwenye udongo. Dawa haiwafikii. Ukipiga leo unaua waliopo juu, siku chache baadaye mayai yanaanguliwa, watu wanasema "wamefufuka". Kwa hiyo kundi moja litumie kwa kizazi kimoja, piga mara mbili kwa umbali wa siku kama saba, halafu kizazi kinachofuata kikute kundi jingine. Ukibadilisha kila wiki, ndani ya kizazi kimoja umewaonjesha makundi matatu yote.

#26 Mchunguza Wadudu

Naheshimu sana ushauri wa mzee, ndiyo unaotolewa na IRAC. Lakini si kinga kamili. Upo usugu wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa mahali dawa inapojishika pamebadilika. Kwa thripsi wa maua, spinosadi ilishindwa namna hiyo: badiliko la herufi moja ya protini kwenye kipokezi cha neva, na kwenye nyumba za kilimo za Almería, Hispania, wakulima waliipoteza dawa ambayo waliitegemea sana. Wa pili ni vimeng'enya vya tumboni na mwilini mwake, vinaikatakata dawa kabla haijafika. Huu wa pili hausomi namba za IRAC. Kimeng'enya kilichokuzwa na kundi 3A kinaweza kukatakata dawa ya kundi ambalo hujawahi kulifungua.

#27 Kilolo Juu

Kwa hiyo mnatuambia tufanyeje sasa, tulime bamia?

#28 PembejeoKwanza

Bamia nayo ina wadudu wake mkuu. Na huko Ruaha bei ya gunia ikoje? Huku wanaendelea kutupiga lumbesa kama hakuna sheria ya vipimo.

#29 Kilolo Juu

Lumbesa usiniguse, tufungue uzi wake. Gunia linashonewa kofia kubwa kuliko gunia lenyewe.

#30 MajarubaEyasi (mleta mada)

Nimerudi na vikombe. Mtoto wangu wa darasa la sita ndiye alikuwa na mkono mwepesi wa brashi.

Thripsi ishirini kila kikombe, saa 24. Maji matupu: wamekufa 4. Lamda-sihalothrini: 6. Profenofosi: 13. Abamektini ambayo sijawahi kuitumia: 18. Zote chupa zilizofungwa. Nikamwagiza shemeji anunue lamda-sihalothrini nyingine mjini Arusha, kampuni tofauti. Wamekufa 6 vilevile.

#31 Mchunguza Wadudu

Kazi nzuri sana, mpe mtoto pongezi. Sasa tuondoe waliokufa kwa sababu zao wenyewe. Kwenye maji walibaki hai 16. Kwenye lamda-sihalothrini walibaki 14, kwa hiyo dawa imeua wawili kati ya 16, asilimia 12 na nusu. Profenofosi tisa kati ya 16, asilimia 56. Abamektini 14 kati ya 16, karibu asilimia 88. Ila vifo vinne kwenye maji ni asilimia 20, hapo ni mpakani kabisa mwa kuliamini jaribio. Huenda vikombe vilipata joto. Rudia ukiweza.

#32 FundiBomba

Nakubali kwa lamda-sihalothrini nimeshindwa. Lakini profenofosi kikombeni imeua zaidi ya nusu na shambani walirudi siku ya nne. Hiyo tofauti ni ya bomba.

#33 Maji Magumu

Au ya maji. Kikombeni ulitumia maji gani?

#34 MajarubaEyasi (mleta mada)

Maji ya kunywa ya chupa. Sikuwaza hilo.

#35 Maji Magumu

Basi rudia kwa maji ya mfereji.

#36 BwanaShamba Mstaafu

Na utafute thripsi wasiowahi kuonja dawa, uwape hiyohiyo lamda-sihalothrini. Wakifa, dawa ni nzima na wa kwako ni sugu. Wasipokufa, turudi kwenye dawa. Bila hao huna cha kulinganisha.

#37 MajarubaEyasi (mleta mada)

Mama yangu ana bustani ndogo Endabash, vitunguu vya kula nyumbani, hajawahi kupiga dawa yoyote. Nimeenda jana. Maji safari hii wamekufa 2 tu. Lamda-sihalothrini wamekufa 5.

Nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza.

#38 PembejeoKwanza

Dawa mbovu, basi. Chupa zote mbili. Nasema nikiwa mwenye duka.

#39 MtanzaniaOntario

Sidhani. Thripsi anabebwa na upepo, bustani ya mama si kisiwa.

#40 Mama Nuru

Mwanangu, miche ya mama ilitoka wapi?

#41 MajarubaEyasi (mleta mada)

Mama Nuru… nilimpelekea mimi. Ilibaki kitaluni kwangu. Na kitalu nilikipiga lamda-sihalothrini mara mbili.

#42 Hawa wa Barazani

Umempelekea mama wadudu waliochujwa tayari.

#43 Mchunguza Wadudu

Inawezekana, na upepo nao unawezekana, na chupa mbovu bado hatujaiondoa. Tunahitaji thripsi wa mbali, kwa mtu anayetunza mbegu yake mwenyewe.

#44 Saumu ya Mbulu

Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo. Shangazi yangu huku Mbulu ana vitunguu saumu, mbegu yake ya miaka mingi, hajawahi kununua wala kupiga dawa. Thripsi wa vitunguu anashambulia saumu pia, sivyo? Kesho naenda kufunua. Nikiwapata nawaweka kwenye chupa na majani, napanda basi la asubuhi la Karatu.

#45 Mchunguza Wadudu

Ni huyohuyo. Tunahitaji arobaini: ishirini wa dawa, ishirini wa maji. Weka karatasi kavu ndani ya chupa, unyevu unawaua.

#46 Saumu ya Mbulu

Nimefunua mashina sitini tangu asubuhi. Nimepata thripsi watatu.

#47 MajarubaEyasi (mleta mada)

Watatu? Sitini? Mimi shina moja lina zaidi ya hamsini. Na dawa hajapiga kabisa?

#48 Saumu ya Mbulu

Hajawahi. Ila nimeona vidudu vingine vyembamba vinakimbia kwenye shingo, na buibui wadogo wengi.

#49 BwanaShamba Mstaafu

Mbulu ni juu na kuna baridi, msiharakishe kusema ni wale buibui.

#50 Saumu ya Mbulu

Sawa mzee. Kesho nateremka shamba la binamu bondeni, huko kuna joto. Yeye naye hapigi. Nitafunua hadi wapatikane arobaini.